Kupanda Taishan: chagua njia kwa magoti, si kwa mapafu

Sisi tuliokulia tukiuona Kilimanjaro, tukiambiwa Taishan una mita 1,545 tu, tunacheka. Nami nilicheka. Siku mbili baadaye nilikuwa nateremka ngazi za bweni kinyumenyume, nimeshikilia ukuta.

Mlima huu uko Tai'an, jimbo la Shandong, China. Katika milima mitano mitakatifu ya Wachina, huu ndio mkubwa kwa heshima. Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa kwanza wa China, aliupanda kutoa sadaka mwaka 219 kabla ya Kristo. Pumzi haitakusumbua. Kinachokungoja ni ngazi za mawe, zaidi ya 6,000.

Hatua ya 1: Amua utashukaje

Kupanda kunachosha, ila kushuka ndiko kunakoumiza. Mwenye goti bovu apande kwa miguu, arudi kwa gari la kebo kutoka karibu na Nantianmen, lango lililo karibu na kilele, hadi Zhongtianmen, katikati ya mlima, kisha achukue basi. Upepo ukizidi gari la kebo husimamishwa, kwa hiyo tiketi ya treni ya kurudi usiikate ya kubanana.

Hatua ya 2: Chagua njia

Ukiwa na mzee au mtoto, panda basi Tianwaicun, chini ya mlima, hadi Zhongtianmen, halafu kebo. Taohuayuan, upande wa magharibi, nako ni basi na kebo, mandhari nzuri, mahekalu machache. Tianzhufeng, nyuma ya mlima, ni ya wanaokimbia watu. Ina miteremko mikali, na mgeni asiende huko peke yake.

Kama umefuata mahekalu, usihangaike: pita njia ya Hongmen, inayoanzia chini ya mlima. Ndiyo njia ya wafalme na mahujaji, na kila kitu kimepangwa kwa mfuatano wake. Anzia hekalu la Dai Miao mjini, ambako wafalme walifanyia ibada kabla ya kupanda, kisha upite malango matatu ya mbinguni: Yitianmen, Zhongtianmen na Nantianmen. Anayefika juu kwa kebo huliona lango la mwisho bila kuyajua yaliyotangulia. Ni kama kuingia harusini wakati wa kukata keki.

Njiani chepuka kidogo uone Jingshiyu. Hapo sutra, yaani andiko takatifu, ya Kibudha ilichongwa kwenye mwamba mlalo wa kijito karne ya 6, kila herufi ina upana wa karibu nusu mita. Wengi hupita bila kujua ipo.

Hatua ya 3: Tunza nguvu za Shibapan

Toka Hongmen hadi juu weka muda wa saa nne hadi sita. Nunua fimbo pale chini, na matango njiani. Wachuuzi huyauza yakiwa yamemenywa, na hayajawahi kuwa matamu hivyo. Baada ya Zhongtianmen njia inakudanganya kwa kutulia kidogo, halafu inakuja Shibapan: ngazi zaidi ya 1,600, takriban mita 400 za kwenda juu kwa mwendo usiofika kilomita moja. Hesabu ngazi hamsini, simama, hesabu tena. Ukisikia mtu anahema nyuma yako, mpishe. Huenda ni mchukuzi mwenye mzegazega, kreti za maji zikining'inia pande zote mbili, na akisimama ghafla ataumia yeye, si wewe.

Hatua ya 4: Kileleni

Kabla ya kilele ingia Bixia Ci, hekalu la mungu wa kike ambaye wanawake humwomba watoto. Tazama paa: vigae vya ukumbi mkuu ni vya shaba, vya kumbi za pembeni ni vya chuma, maana vya udongo vingepeperushwa na upepo. Usipige picha watu wanaosali. Juu kidogo kuna mwamba wenye maandishi ya dhahabu ya Xuanzong, mfalme wa nasaba ya Tang, ya mwaka 726.

Wanaotaka jua la asubuhi huanza kupanda saa nne au saa tano usiku. Ukiwa miongoni mwao, beba fulana ya kubadilisha: iliyolowa jasho itakugandisha. Makoti mazito hukodishwa juu. Chukua mapema, na uyanuse kwanza.