Chaja ya mipigo: ipe volti inayoruka pa kupitia

Kwenye chaja yangu, inayochaji betri kwa mipigo ya koili, niliua mosfeti tatu (transista inayowasha na kukata mkondo wa koili) ndani ya wiki moja, zote IRF540, zote kwa kosa lilelile: kibano kilichomoka kwenye betri chaja ikiwa inapiga. Hakuna moshi, hakuna kishindo. Chaja ilinyamaza tu, na nilipopima nikakuta dreni na sosi, miguu miwili inayopitisha mkondo mkubwa, zimeshikana.

Koili ikishabeba mkondo haikubali kukatizwa. Mosfeti ikikata, volti hupanda mpaka mkondo upate pa kupitia. Kwa kawaida hupitia dayodi na kuingia kwenye betri, hivyo volti hazipandi mbali. Betri ikitoka, zinapanda hadi kitu kikubali kufa, na IRF540 mwisho wake ni volti 100.

Mimi naweka dayodi ya TVS, yaani ya kukata volti zinazoruka, 1.5KE68A: upande wenye mstari kwenye dreni, mwingine kwenye sosi. Huanza kupitisha karibu volti 68, na hata ikisukumwa hadi kikomo cha mkondo wake haivuki 92. Wengi wanapenda kitaa cha neoni. Kinawaka karibu volti 90 na hubeba mkondo kiduchu. Kwangu ni taa ya kuonya, ulinzi siikabidhi.

Ichomee TVS kwenye miguu yenyewe ya mosfeti. Mara ya kwanza niliipeleka pembeni ya bodi, kama sentimita 30 za waya kwenda na kurudi, nikaona kazi imependeza. Waya huo una takriban mikrohenri 0.3, ampea 10 zikigeuka ndani ya nanosekunde 50, unaongeza volti 60 juu ya zile 68. Mosfeti ya tatu ilikufa hivyo, ulinzi ukiwa umewekwa.

Geti, mguu wa kuiamuru mosfeti, nalo halivumilii zaidi ya volti 20. Weka zena (dayodi ya kuzuia volti zisipite kiwango chake) ya volti 15 kati ya geti na sosi, na resista ya omu 10 kabla ya geti. Dayodi ya kwenda betri iwe ya kasi: UF4007 kama mkondo hauzidi ampea 1, si 1N4007.

Sasa joto. Koili ya milihenri 1 yenye ampea 3 hutema milijuli 4.5 kila mpigo. Mipigo 1000 kwa sekunde ni wati 4.5, na betri isipokuwepo zote zinamwagika kwenye TVS. Itakuokoa kwa muda mfupi, usiiache hivyo. Kwa hiyo zima chaja kwanza, ndipo utoe kibano; wakati wa kuanza, betri kwanza. Tena betri ya risasi ikichajiwa hutoa hidrojeni, na cheche ya kibano hutokea juu yake hasa.

Kujaribu, punguza mkondo, weka probu ya ×10 ya osiloskopu (kifaa kinachochora volti) kwenye dreni, kisha chomoa waya upande wa chaja, mbali na betri. Kwangu osiloskopu ilionyesha kilele kilichokatwa bapa kwenye volti 71.