Projekta kwenye darasa lililojaa: anza na mtoto wa dawati la mwisho

Walimu wenzangu, ukiwa na watoto 80 darasani na vitabu havitoshi, projekta inakusaidia jambo moja kubwa, wote wanaona ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Mengine ni nyongeza tu. Kwa hiyo kabla hujawasha chochote nenda kakae dawati la mwisho kabisa, pale kwenye kona, ndo utajua picha iwe kubwa kiasi gani.

Kanuni nzuri ni kwamba mtoto wa mwisho asikae mbali zaidi ya mara 6 ya kimo cha picha. Yaani kama toka ukutani mpaka dawati la mwisho ni mita 9, picha iwe na kimo cha mita 1.5 hivi, na ukingo wake wa chini upite juu ya vichwa vya waliokaa mbele, la sivyo wa nyuma watasimama, wakisimama wao na wengine wanasimama, somo limeishia hapo. Ukirusha ukurasa mzima wa kitabu kama ulivyo hawasomi kitu, kata aya moja uikuze.

Kwenye mwanga ndo wengi wanapigwa. Vile viprojekta vya bei chee vinaandikwa maelfu ya lumeni (kipimo cha mwanga) kwenye boksi, usiamini, uliza lumeni za ANSI, yaani zilizopimwa kwa kiwango rasmi, na kwa darasa lenye madirisha tafuta 3000 kwenda juu. Kama uliyonayo ni hafifu ziba madirisha yaliyo karibu na picha tu, huku nyuma acha mwanga ili watoto waandike na wewe uwaone, maana darasa lililojaa likiwa giza utamaliza kipindi unanyamazisha. Ukuta mweupe usiong'aa unatosha, au shuka jeupe lililovutwa likakaza.

Matumizi ninayoyapenda kuliko yote hayahitaji hata video. Weka simu juu ya rundo la vitabu, kamera ichungulie chini, iunganishe na projekta kupitia laptopu, halafu weka daftari chini yake. Andika 52 kutoa 27, jibu 35. Waulize limetokea wapi. Watagundua wenyewe kwamba aliyefanya ametoa 2 kwenye 7 badala ya kukopa, na kosa hilo nusu ya darasa wanalo ila kwa kupita dawati kwa dawati usingewafikia wote. Usitumie daftari la mtoto lenye jina, utamvunja moyo, tengeneza kosa lako.

Video ikiwepo, dakika 3 zinatosha, simamisha, wajadiliane wawili wawili, endelea. Spika ya ndani ya projekta haifiki nyuma, tafuta ya nje. Ukianza kueleza zima picha, macho yarudi kwako.

Waya ubandike sakafuni kwa utepe wa gundi, la sivyo watoto watajikwaa, na usiruhusu mtu achungulie kwenye lenzi ikiwa inawaka. Projekta ya balbu usiichomoe ghafla, subiri feni isimame. Chujio la vumbi lisafishe mara kwa mara hasa kama unatumia chaki.

Halafu swali kuu la somo liandike ubaoni kabla ya kuwasha, umeme ukikatika unaendelea nalo palepale.