Dondoo: ubao wa mtoni kwa mtelezaji anayepiga hatua

Mtelezaji wa mawimbi aliyekwisha kuzoea wimbi la wanaoanza la Floßlände, mjini Munich, Ujerumani, na ambaye sasa analitazamia lile la Eisbach, kijito cha mji huohuo, asichongewe ubao kwa vipimo vya baharini. Wimbi la mtoni halisafiri. Limesimama mahali pamoja, fupi na lenye mwinuko mkali, huku maji yakipita kasi chini ya miguu ya mtelezaji, kwa hiyo ubao mrefu huzamisha pua, yaani ncha yake ya mbele, mara tu anapojaribu kugeuka. Ufupishwe, lakini uongezwe upana na unene kidogo ili ujazo usipotee, kwa kuwa maji yasiyo na chumvi yana uzito pungufu kwa takriban asilimia 2.5 kuliko ya bahari na hayaubebi mwili vilevile. Pua iinuliwe, katikati pabaki bapa. Kingo za mbele, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazoamua maendeleo yake, ziwe za mviringo, kwani mkondo hunasa ukingo mkali na kumwangusha papo hapo. Mapezi ya chini ya ubao yawe mafupi: chini ya Eisbach kuna vitalu vya zege.