Ukiandika "Kiswahili" na katalogi ikakunyima
Wenzangu mnaosoma Kiswahili katika vyuo vikuu vya Makerere na Kyambogo, Uganda, katalogi ya maktaba (orodha ya vitabu kwenye kompyuta) ikikuletea vitabu viwili vitatu tu, usiondoke. Mada za vitabu huandikwa kwa Kiingereza hata kitabu chenyewe kikiwa cha Kiswahili, kwa hiyo chagua sehemu ya mada, uandike "Swahili language". Ukipata kimoja kinachofaa, nakili namba yake ya rafu, uende ukatazame majirani zake. Kwa mfumo wa kupanga vitabu wa Maktaba ya Bunge la Marekani, lugha yetu iko kwenye namba PL8701 hadi PL8704. Mimi vitabu vyangu vizuri nimeviokota hapo, si kwenye kompyuta. Makala je? Kwa kawaida katalogi hutaja jarida, si makala. Tafuta jina la jarida, kisha juzuu na mwaka.