Unyerere, Umobutu, Uperoni: namna ya kutumia majina ya watawala kama vivumishi

Jina la mtawala likivishwa kiambishi hubeba hukumu pamoja na maelezo. Kabla ya kuandika, amua unataka kusema lipi kati ya haya.

"Siasa za Nyerere" ni zile alizozisimamia mwenyewe hadi alipong'atuka mwaka 1985. Umbo hili ndilo salama kuliko yote, kwa sababu lina mipaka na mtu anaweza kulihakiki. "Siasa za Kinyerere" ni zinazofanana na zake, hata zikiwa za kiongozi wa leo, na hapo ni lazima utaje zinafanana kwa lipi. Msomaji mmoja atawaza miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha la 1967, mwingine atakumbuka watu waliohamishwa kwa nguvu kwenda vijijini miaka ya 1970. "Unyerere" ni fikra zake zote kwa jumla. Usiuchanganye na Ujamaa: Ujamaa ni mfumo wa uchumi na jamii, ilhali Unyerere unachukua pia mwenendo wake wa uongozi na msimamo wake juu ya ukombozi wa kusini mwa Afrika.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuangusha kihusishi. "Siasa Kinyerere" si sahihi. Sema "siasa za Kinyerere". Bila -a neno hugeuka kielezi, na kielezi hukaa na kitenzi: "anaongoza Kinyerere".

Kuhusu tahajia, maneno yaliyokwisha kuzoeleka hufuata sauti za Kiswahili: Umaksi, Ulenini, Kimaksi. Jina ambalo halijazoeleka liache lilivyo na utumie kihusishi. Kwa Margaret Thatcher, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, "sera za Thatcher" inasomeka vizuri kuliko "Uthatcher". Angalia pia migongano: "Kiamini" kwa Idi Amin (1971–1979) humpeleka msomaji kwenye kuamini na uaminifu. Andika "utawala wa Amin".

Sasa jambo zito zaidi: nani alilibuni neno, na wanaoitwa hivyo wanalikubali? Nchini Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), chama cha Rais Mobutu chenyewe kiliufanya Umobutu kuwa itikadi rasmi katika katiba ya 1974. Leo neno hilo humaanisha zaidi uporaji wa mali ya umma. Ukizungumzia itikadi ile, weka mwaka. Ukizungumzia uporaji, sema uporaji, kwani "serikali ya Kimobutu" bila maelezo ni tusi lisilo na ushahidi. Wafuasi wa Stalin walijiita Wamaksi-Walenini. Kumwita mtu Mstalin kwa kawaida ni lugha ya wapinzani, kwa hiyo taja nani anamwita hivyo.

Wafuasi wa Perón wa Argentina hujiita kwa jina lake kwa fahari, lakini jina hilo limetanuka mno. Carlos Menem, rais Mperoni, alibinafsisha shirika la mafuta la YPF miaka ya 1990. Cristina Fernández de Kirchner, naye Mperoni, alirudisha asilimia 51 ya hisa zake serikalini mwaka 2012. "Sera ya Kiperoni" peke yake haimwambii msomaji kama shirika linauzwa au linataifishwa. Ongeza jina la rais na mwaka.

Afrika Mashariki mara nyingi hatulinyambui jina la rais kabisa, tunachukua kaulimbiu au lakabu yake. Enzi ya Mwinyi (1985–1995) ni "enzi ya ruksa", na neno hilo hueleza biashara iliyofunguliwa kuliko "Kimwinyi", ambalo lina maana yake ya zamani ya ubwana na majivuno. Kwa Kenya, Moi (1978–2002) ni "Nyayo". Hapa taja kitu chenyewe: maziwa ya Nyayo waliyokunywa watoto shuleni, au vyumba vya mateso vya jengo la Nyayo House jijini Nairobi. "Ya Nyayo" ikiachwa peke yake hubeba yote mawili.