Kuku wa kutandazwa na viazi, moto juu na chini

Kuku mzima ana umbo linalompa mpishi shida. Kidari kimenyanyuka kama kilima na mapaja yamekunjwa ubavuni, kwenye kivuli cha mwili. Paja linapoiva mpaka kwenye kiungo, kidari kimeshakauka na kinahitaji maji ya kushushia. Ukimtoa uti wa mgongo na kumtandaza, vyote vinakaa usawa mmoja, ngozi yote inatazama juu, na unene wake haupiti sana sentimita 5. Kwa anayepika kwa mkaa kuna faida nyingine: kuku wa bapa anaingia kwenye sufuria fupi na bado anabaki na nafasi ya vidole vitatu chini ya mfuniko. Kuku mzima aliyekunjwa angegusa bati la moto na kuungua kidarini hata kabla hajapata joto ndani.

Hapa tunaeleza njia ya jiko la mkaa, maana ndiyo iliyopo nyumba nyingi hapa Kigoma, kuanzia Gungu hadi Ujiji. Wenye oveni wataona vipimo vyao mwishoni.

Anza na kuku anayefaa. Tafuta mwenye kilo 1.2 hadi 1.4 akiwa amesafishwa. Wa kisasa anafaa, chotara ambaye bado ni mchanga anafaa zaidi kwa ladha, na temba wa kienyeji ambaye hajaanza kutaga anafaa pia ukimpa dakika 15 za ziada. Jogoo mkubwa au mtetea aliyekwisha kutotoa mara mbili tatu usimsumbue kwa njia hii. Nyama yake ina nyuzi ngumu zinazotaka maji na muda mrefu, na moto mkavu utazikaza tu. Huyo ni wa nazi au wa supu.

Ukinunua kwa mchinjaji sokoni, mwambie mapema, kabla hajashika kisu: "Kaka, niachie mzima, na tundu la kutolea utumbo liwe dogo, usipasue mpaka kidarini." Wengi wao hupasua haraka kutoka mbele, na kuku aliyepasuliwa kidari hatandiki vizuri: nyama nyeupe inagawanyika na kukauka kingo zote mbili. Angalia pia maji ya kunyonyolea. Yakiwa yanatokota kabisa, ngozi inaiva nusu na kuchanika manyoya yanapovutwa. Maji yaliyo kati ya nyuzi 60 na 65 yanalegeza manyoya bila kuharibu ngozi: ukichovya kidole unakitoa upesi, lakini hakibabuki. Vinyweleo vinavyobaki vibabue juu ya moto kwa sekunde chache.

Jambo moja husahaulika sana. Kuku aliyechinjwa sasa hivi nyama yake inakakamaa baada ya muda mfupi, na ukimwoka katika saa hizo anakuwa mgumu hata awe mchanga kiasi gani. Mwache kwenye friji saa 6 au usiku mzima. Asiye na friji anunue aliyechinjwa mapema na kuhifadhiwa kwenye friji ya muuzaji, ampike siku hiyohiyo. Aliyegandishwa ayeyushwe kwenye rafu ya chini ya friji kwa siku nzima, si juani wala kwenye beseni la maji ya moto, kwa sababu nje anaanza kuharibika huku kiunoni bado ni barafu.

Kumtandaza ni kazi ya dakika tano. Mlaze kifudifudi, mkia ukuelekee. Kwa mkasi imara wa jikoni, kata kandokando ya uti wa mgongo kuanzia mkiani hadi shingoni, kisha rudi ukate upande wa pili. Utakutana na ugumu mahali paja linapoungana na kiuno. Usilazimishe. Sogeza mkasi nusu sentimita ndani, uelekee kwenye uti, na utapita kwenye gegedu badala ya mfupa. Kama huna mkasi, tumia kisu kizito kilichonolewa, ukikisukuma kwa kiganja badala ya kupiga kama panga, maana kupiga kunaacha vipande vya mifupa ndani ya nyama. Uti ulioutoa, wenye upana wa sentimita 2 au 3, uweke pembeni na shingo na firigisi.

Sasa mfungue kama kitabu. Upande wa ndani, kati ya vidari, utaona gegedu jeupe karibu na shingo. Lichanje kwa ncha ya kisu, sentimita 2 tu. Mgeuze ngozi iwe juu, weka viganja vyote viwili katikati ya kidari na ubonyeze kwa uzito wa mwili. Utasikia mfupa ukilia "ka!", na mara moja kuku anatulia bapa. Asipolia hujachanja vya kutosha, rudia. Mapaja yageuze yaelekee katikati, magoti yakitazama nje. Ncha za mabawa zikunje nyuma ya kidari, la sivyo zitakuwa mkaa kabla ya kingine chochote kuiva. Chanja paja mara moja upande wa ndani, karibu na kiungo, mpaka uone mfupa. Hapo ndipo panapochelewa kuiva kuliko kote.

Chumvi ni vijiko vya chai viwili na nusu, vilivyofutwa juu. Theluthi mbili iende upande wa ndani na chini ya ngozi. Kwa hilo ingiza vidole taratibu kutoka upande wa shingo, utenganishe ngozi na nyama bila kuitoboa. Ponda punje 4 za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, changanya na kijiko cha chai cha pilipili manga na maji ya ndimu moja, upake upande wa ndani na chini ya ngozi peke yake. Juu ya ngozi usiweke ndimu wala saumu. Ndimu inailowesha na ngozi iliyolowa haikauki, na saumu kwenye moto mkali inaungua na kuwa chungu. Ngozi ipanguse kwa kitambaa safi, inyunyizie chumvi iliyobaki, kisha mwache bila kumfunika kwenye friji, rafu ya chini kabisa, usiku mzima. Asubuhi itakuwa kavu kama karatasi, nayo ndiyo hali tunayoitaka. Bila friji usipitishe saa moja, kivulini, akiwa amefunikwa chandarua chepesi kuzuia nzi.

Viazi ni kilo moja ya viazi mviringo, vilivyokomaa. Viazi vipya vyenye ganda linalotoka kwa kukwaruza kidole vina maji mengi na havishiki ukoko. Vyenye rangi ya kijani usichanganye: kijani hicho ni dalili ya sumu iliyoongezeka chini ya ganda, na kuchemsha hakuiondoi. Menya, kata vipande vya sentimita 4, viweke kwenye maji baridi yenye kijiko cha chakula cha chumvi, vichemke. Vikishatokota hesabu dakika 8 au 9. Kigoma iko juu ya mita 770 kutoka usawa wa bahari, na maji huku hutokota kwenye nyuzi 97 hivi, kwa hiyo viazi huchukua muda mrefu kidogo kuliko Dar. Mwaga maji, rudisha viazi kwenye sufuria kavu, funika na usukesuke mara kumi. Kingo zitachakaa na kutoa unga. Unga huo ndio unaokunywa mafuta na kuwa ukoko, na viazi vyenye kingo laini vitatoka vyororo vyenye ngozi ya kimanjano tu.

Mafuta: vijiko vya chakula vitatu vya mawese kwa viazi, kimoja cha alizeti kwa ngozi ya kuku. Mawese mazuri, yale yanayoletwa kutoka Simbo au Mwandiga, yana harufu tamu na hayakwaruzi koo. Yaliyochacha yatapenyeza uchachu wake kwenye kila kiazi. Wapo wanaopaka mawese kuku mzima ili awe na rangi, na hapo wanajitega: dakika 15 tu na kuku anaonekana ameiva, mwekundu wa kupendeza, huku ndani damu bado inatiririka. Ngozi ya kuku ipate mafuta meupe, ili rangi utakayoiona iwe imeletwa na moto.

Sasa moto. Unahitaji sufuria nzito yenye kipenyo cha sentimita 34 au zaidi na mfuniko bapa wa bati usio na mpini wa plastiki, pamoja na koleo. Mkaa uwe sado moja na nusu. Uwashe wote nje au kwenye baraza iliyo wazi, kamwe si chumbani, maana moshi wake usioonekana unaua. Subiri mpaka kila kipande kiwe na majivu meupe juu yake. Gawanya: theluthi moja jikoni, chini ya sufuria, itandazwe pembeni badala ya katikati, theluthi mbili zikapaliwe juu ya mfuniko. Watu wengi hufanya kinyume, kisha wanalaumu viazi kuungua. Joto la chini linaingia kwa kugusana, hivyo dogo linatosha. La juu linapaswa kuvuka hewa kabla ya kuifikia ngozi.

Weka sufuria tupu na mfuniko wake wenye moto kwa dakika 10. Mfuniko wa baridi ndio unaoharibu kuku wengi wa mkaa: mvuke unaupiga, unageuka maji na kudondoka juu ya ngozi, na badala ya kuoka unapika rosti. Kujua kama joto limefika, nyunyiza unga wa ngano kidogo sana kwenye kisahani cha bati, ukiingize ndani na ufunike. Ukiwa wa kahawia hafifu baada ya dakika moja, endelea. Ukibaki mweupe, ongeza makaa juu. Ukiwa mweusi, punguza chini.

Mimina mawese, viazi vifuate, vitandaze safu moja huku vikilia. Juu yake mlaze kuku, ngozi juu, mapaja yaelekee upande wenye moto zaidi. Kati ya mfuniko na ukingo wa sufuria chomeka waya mnene au mpini wa kijiko cha bati, upatikane upenyo mdogo wa mvuke. Usifungue kwa dakika 25. Ukifungua, inua mfuniko wima bila kuuinamisha, kwani majivu yanaangukia pale unapoinamia.

Kwenye dakika ya 25, vigeuze viazi vya pembeni na uzungushe sufuria nusu duara, maana hakuna jiko linalowaka sawa pande zote. Usimmwagie kuku mchuzi wake. Tabia hiyo inalowesha ngozi iliyokuwa imeanza kukauka. Ongeza makaa mapya machache juu, yaliyokwisha kushika. Kuku wa kilo 1.3 huiva kati ya dakika 50 na 65, kutegemea mkaa na upepo wa ziwa. Ukipenda asali, ile ya Tabora yenye rangi nzito inafaa: kijiko kimoja cha chakula na matone ya ndimu, ipakwe dakika 5 za mwisho tu. Ikiwekwa mapema sukari yake inakuwa nyeusi.

Kupima kuiva, choma paja kwa sindano nene ndani kabisa, karibu na kiungo: maji yatoke maangavu. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 74 kwenye kidari na karibu 80 kwenye paja (kijaribu kwanza kwenye maji yanayotokota, kikisoma 97 hapa mjini ni kizima, usikitupe). Wekundu kidogo kwenye mfupa wenyewe usikutishe kama joto limefika. Mifupa ya kuku wachanga, hasa waliogandishwa, huvujisha rangi ya uboho. Nyama yenyewe ikiwa ya waridi na inateleza, hiyo ni mbichi, mrudishe.

Mtoe, mweke kwenye ubao dakika 10, bila kumfunika. Ukimkata mara moja, majimaji yote yanabaki ubaoni. Wakati huo viazi vilivyokuwa chini yake bado ni laini kwa sababu ya mvuke. Vigeuze vyote, funika tena kwa mfuniko wenye moto mkali juu, ukipunguza makaa ya chini yabaki machache. Dakika hizo 10 ndizo zinazoleta ukoko. Mchuzi ukiwa mwingi sufuriani, uchote kwanza uweke kwenye bakuli.

Kwa oveni: nyuzi 220, rafu ya katikati, dakika 45 hadi 50, trei kubwa ili viazi visirundikane. Oveni ndogo za mezani zina waya wa moto karibu sana na ngozi. Anza rafu ya chini, na ukiona rangi inakuja kabla ya dakika 20, shusha hadi 200.

Kumgawa ni rahisi: kisu katikati ya kidari, kisha kati ya paja na ubavu, vipande vinne. Mwagia mchuzi ulioutenga pembeni, kachumbari yenye pilipili mbuzi ikae kando. Ule uti, shingo na firigisi vinatosha sufuria ndogo ya supu. Viweke kwenye makaa yaliyobaki, na maji lita moja na kitunguu, wakati watu wanakula.