Kupiga picha za taa za matatu: msisimame katikati ya daraja
Klabu yenu ya picha ikipanga matembezi ya jioni kwenye madaraja ya waenda kwa miguu ya Thika Road, Nairobi, fikeni saa kumi na mbili. Jua likishatua, buluu ya anga haikai. Huku karibu na ikweta ni kama dakika 20 tu, kisha giza totoro. Anzeni na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), sekunde 8 (muda wa kamera kupokea mwanga, taa zinazopita zichore mistari). Stendi ya kamera ikae pale daraja linapobebwa na nguzo. Pale katikati daraja hutikisika kila mtu akipita, na mistari ya taa hutoka imejikunjakunja kama tambi. Zimeni kizuia mtikisiko cha lenzi, tumieni taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera. Mmoja wenu asipige picha kabisa, alinde mabegi (ni zamu, si adhabu).